Si kila nyota huonekana asubuhi

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukizisimamisha pamoja huonekana kama mahasimu. Ya kwanza yasema nyota njema huonekana asubuhi. Ya pili yatuasa: ukiona vyaelea, vimeundwa. Ya kwanza ni methali ya mteuzi, mtu anayesimama kando ya uwanja na kunyoosha kidole: yule pale! Ya pili ni methali ya fundi, mtu anayeinama siku nzima akichonga mbao kabla ya jahazi kuonja maji. Na kwa kuwa kunyoosha kidole ni kazi nyepesi kuliko kuchonga, methali ya kwanza ndiyo inayosikika sana shuleni, magazetini na vijiweni. Ya pili hukumbukwa pale tu ambapo jahazi limekwisha kuzama.

Ningependa kulijadili jambo hili kwa kutumia mchezo wa mpira wa kikapu, na hasa namna tunavyopima uwezo wa kijana anayetarajiwa kuwa mchezaji wa kulipwa. Msomaji ana haki ya kuuliza mwalimu wa isimu ametumwa na nani uwanjani. Jibu langu ni kwamba kumpima kijana ni, kwanza kabisa, tendo la lugha. Mtu husema "huyu ana kipaji," na tangu siku hiyo kijana huishi ndani ya neno hilo kama aliyevishwa kanzu ya mtu mwingine. Kanzu ikimpwaya, hulaumiwa yeye, wala si fundi aliyeikata.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe. Kipaji na kipawa yote mawili yana asili yake katika kitenzi kupa: ni kitu ambacho mtu amekwisha kupewa. Neno mazoezi, kwa upande wake, latokana na kuzoea, kitenzi kisichokuwa na maana pasipo muda, maana hakuna anayezoea kwa siku moja. Lugha yetu basi inatambua vitu viwili: kile kilichotolewa na kile kinachozoewa. Kosa letu ni kukiona cha kwanza, kisha tukatabiri kana kwamba cha pili nacho kimekwisha kutendeka.

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, akasoma Shule ya Sekondari ya Makongo, kisha akavuka bahari na kumalizia masomo ya sekondari Houston, Marekani. Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Urefu wake ulikuwa futi 7 na inchi 3. Katika misimu mitatu ya chuo aligeuka kuwa ukuta. Mwaka 2008 na tena mwaka 2009 alitangazwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East, na mwaka huo wa 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Mwezi Juni 2009, siku ambayo timu za ligi ya NBA huteua wachezaji wapya, timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili miongoni mwa vijana wote waliojitokeza. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amewahi kuingia katika ligi hiyo kabla yake.

Yaliyofuata yanajulikana. Aliyeteuliwa wa tatu siku ile, James Harden, alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 2018. Aliyeteuliwa wa saba, Stephen Curry, alitwaa heshima hiyo mwaka 2015 na 2016, na akabadilisha namna mchezo wenyewe unavyochezwa duniani. Thabeet alizungushwa katika timu nne kwa misimu mitano: Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City. Alicheza michezo 224 na kufunga wastani wa pointi 2.2 kwa mchezo. Mnamo Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujamalizika, alipelekwa Dakota kuchezea ligi ya maendeleo, na hakuna aliyeteuliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amepelekwa huko kabla yake. Baadaye aliendelea kuchuma riziki yake kwa mpira huo huo nchini Japani na Taiwan.

Tangu wakati huo jina lake hutajwa kila mara watu wanapoorodhesha uteuzi mbaya. Nasema "uteuzi mbaya" kwa makusudi, kwa kuwa maneno hayo yana mtendaji: aliyeteua. Hata hivyo katika mazungumzo ya watu mtendaji hupotea, na lawama humwangukia mtendwa. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 22, na ambaye hakuwa ameshika mpira huo kwa zaidi ya miaka saba hivi, ndiye anayeambiwa kwamba ameshindwa, ilhali hakuwahi kujitangaza kuwa wa pili kwa ubora. Walimtangaza watu wazima, wenye vitabu vya takwimu na mishahara minono.

Je, walikosea wapi? Sidhani kwamba waliona vibaya. Waliona sawasawa kile kilichokuwapo: urefu, mikono mirefu, na idadi kubwa ya mitupo aliyoizuia. Walichokosa kuuliza ni masharti ambayo chini yake mambo hayo yalikuwa yakifanya kazi, na iwapo masharti hayo yangekuwapo huko alikokuwa akipelekwa.

Chukua mfano wa kanuni moja ndogo. Katika mchezo wa vyuo vya Marekani, mlinzi mrefu anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu chake kwa muda apendao, akiwangoja wanaokuja. Katika NBA, tangu msimu wa 2001–02, mlinzi hawezi kukaa eneo hilo kwa zaidi ya sekunde tatu ikiwa hamkabili mpinzani aliye karibu naye. Hivyo kijana aliyekuwa mlango wa chuma alitakiwa ghafla kuwa mlango unaotembea: atoke, arudi, ahesabu sekunde, asome nia ya mshambuliaji, kisha aruke kwa wakati wake. Urefu haukupungua hata inchi moja. Kilichobadilika ni sarufi.

Hapa ndipo somo langu na uwanja hukutana. Anayejifunza lugha ya pili akiwa kijana wa miaka 15 hukusanya msamiati upesi. Baada ya miezi michache ataagiza chakula, ataomba njia, atatania. Ukimsikiliza kwa dakika tano utasema anaijua lugha. Lakini sarufi iliyojificha, yaani lini useme na lini unyamaze, neno gani litangulie na lipi lifuate pasipo kufikiri, hiyo huja polepole sana, tena kwa kuzungumza na wenye lugha kila siku. Kuzuia mtupo ni msamiati, lakini kujua mahali pa kusimama kabla mtupo haujafikiriwa ni sarufi. Thabeet alikuwa na msamiati wa kutisha na sarufi iliyokuwa bado inajengwa, nao wateuzi wakadhani wamempata msemaji fasaha.

Tena, alipelekwa kujifunzia wapi? Memphis ilikuwa tayari na Marc Gasol, Mhispania aliyecheza nafasi hiyo hiyo ya katikati, na muda mfupi baada ya uteuzi ikamleta pia Zach Randolph. Msimu wake wa kwanza Thabeet alicheza wastani wa dakika 13 kwa mchezo. Kijana aliyehitaji kucheza ili ajifunze aliwekwa nyuma ya watu waliokuwa wamekwisha kujifunza. Na hapa kuna kejeli ambayo kila mwalimu anapaswa kuitafakari. Huyo Gasol aliteuliwa mwaka 2007 akiwa wa 48, kijana ambaye watu wengi walimwona mzito na mpole. Mwaka 2013 alitangazwa mlinzi bora wa NBA. Wa 48 na wa pili walivaa jezi moja, wakafanya mazoezi katika ukumbi mmoja, na ile namba ya uteuzi haikutuambia chochote juu ya nani angekuwa nani.

Sisemi kwamba makosa yote yalikuwa ya wengine. Mchezaji naye ana wajibu wa kujituma, na hakuna kocha awezaye kumzoesha mtu asiyetaka kuzoea. Ninachosema ni kwamba hatuwezi kuhukumu mbegu pasipo kutazama udongo.

Mtu mwingine wa ukanda wetu anatupa kipimo cha kulinganisha. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Yeye naye alichelewa kuuanza mchezo huu, kwa kuwa utotoni alipenda soka, na urefu wake wa futi 7 na inchi 2 ulikaribiana sana na wa Thabeet. Alifika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari, na mwaka wake wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Kocha aliyemkuta huko, John Thompson, alikuwa mwenyewe amecheza nafasi ya katikati katika timu ya Boston Celtics. Isitoshe, tangu mwaka 1988 timu hiyo ilikuwa na kijana mwingine mwenye nguvu za ajabu, Alonzo Mourning, ambaye mwaka 1992 aliteuliwa wa pili. Hebu fikiria: kwa misimu mitatu, kila siku ya mazoezi, Mutombo alikabiliana na mpinzani bora kuliko wengi ambao angewakuta siku ya mchezo, mbele ya mwalimu aliyeijua kazi hiyo kwa mwili wake mwenyewe.

Mwaka 1991 timu ya Denver Nuggets ilimteua akiwa wa nne. Denver ilikuwa imeshika mkia katika ligi msimu uliotangulia, kwa hiyo nafasi ya kucheza ilikuwapo tele, naye akacheza tangu siku ya kwanza. Mara nne alitangazwa mlinzi bora wa ligi. Nitaongeza kwa fahari ya taaluma yangu kwamba shahada aliyoondoka nayo Georgetown ilikuwa ya isimu na diplomasia. Alipoaga dunia mwezi Septemba 2024, watu wa Kinshasa walimkumbuka pia kwa hospitali aliyoijenga na kuipa jina la mama yake.

Tofauti kati ya watu hawa wawili haiwezi kuelezwa kwa neno kipaji pekee. Wote walipewa. Mmoja alipata mwalimu wa nafasi yake, mwenzi wa kumnoa, na timu iliyomhitaji uwanjani. Mwingine alifika mahali ambapo nafasi yake ilikuwa na mwenyewe.

Sasa nirudi darasani. Mwaka 1965 mwanaisimu Noam Chomsky alitenganisha mambo mawili ambayo kwa Kiswahili tumeyaita umilisi na utendaji. Umilisi ni ujuzi wa lugha ulio akilini mwa msemaji. Utendaji ni yale tunayomsikia akiyatamka siku fulani, akiwa amechoka au amechangamka, mbele ya rafiki au mbele ya mkaguzi. Sisi hatuuoni umilisi hata siku moja. Tunauona utendaji, kisha tunakisia. Huko ndiko lilikotoka neno ambalo leo kila mwalimu wa Kenya analitamka, kwa maana mtaala wetu unaitwa mtaala wa umilisi. Ni jina zuri, lakini linatudai unyenyekevu. Mtu anayedai kupima umilisi anadai kupima kisichoonekana.

Nilikuwa Asumbi kuzungumza na walimu wa Kiswahili. Msomaji asiyepafahamu mahali hapo ajue kwamba pako Rangwe, katika Kaunti ya Homa Bay, na kwamba pana misheni ya Kikatoliki, shule ya upili ya wasichana na chuo cha kuwafunza walimu. Ukitaka mahali pa kuulizia namna watoto wanavyopimwa, hutapata panapofaa zaidi, kwa kuwa wapimaji wenyewe hufundwa hapo. Baada ya mazungumzo mwalimu mmoja kutoka shule ya kijijini alinivuta kando.

"Daktari," aliniambia, "katika darasa langu nina msichana mrefu kuliko mimi. Mwalimu wa michezo anasema ni nyota. Mzazi wake ananiuliza kama atafika Marekani, ili ajue kama aendelee kumlipia masomo ya ziada ya hisabati au ampeleke uwanjani. Nimjibu nini?"

Nilimjibu kwa swali: "Mwalimu, mtoto anayesema 'sule' badala ya shule na 'samba' badala ya shamba, wewe humwandikia nini kwenye ripoti?"

Alicheka, kwa kuwa sote wawili ni watu wa huko na tulilijua jibu. Dholuo haina sauti ya sh wala ya z, na mtoto aliyenyonya lugha hiyo huzibeba sauti zake hadi katika Kiswahili. Walimu wengi wakisikia "samba" huandika kwamba Kiswahili cha mtoto ni dhaifu. Yamkini mtoto huyo huyo anapatanisha ngeli zote bila kosa, anatumia kauli ya kutendeka na ya kutendwa mahali pake, na insha yake ina mtiririko. Jirani yake, aliyekulia mjini, hutamka kama mtangazaji wa redio, na husifiwa, ingawa husema "kitabu yangu" mchana kutwa. Lafudhi husikika kwanza, kama urefu unavyoonekana kwanza. Lakini kinachotangulia kuonekana si lazima kiwe ndicho kinachobeba uzito.

Ndipo tukakubaliana na mwalimu yule kwamba swali la mzazi lina kasoro ya kisarufi. "Je, atafika?" ni swali lisilokuwa na sharti. Kiswahili kimetupa kiambishi kidogo cha herufi mbili, ki, kinachofanya kazi ambayo wateuzi wa Memphis waliiruka: akifundishwa, akichezeshwa, akilishwa vizuri, akiendelea na masomo, atafika mahali fulani. Ondoa ki, na utabiri unageuka kuwa ramli. Iweke, na mara moja swali linamgeukia anayeuliza: nani atamfundisha? Nani atamchezesha? Wewe utafanya nini katika hiyo ki?

Walimu huniomba vigezo, nami nitataja vichache ambavyo hata shule isiyokuwa na sakafu ya mbao inaweza kuvitumia.

Kwanza, pima mwendo, usipime mahali. Kijana aliye wa kumi leo, lakini aliyekuwa wa thelathini muhula uliopita, anatuambia mengi kuliko aliye wa pili tangu mwaka juzi. Ili kuuona mwendo ni sharti uandike. Daftari la kurasa arobaini lenye tarehe litakusaidia kuliko kumbukumbu, kwa kuwa kumbukumbu huwapenda waliokwisha kusifiwa.

Pili, mpime akiwa na msaada. Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alifundisha kwamba watoto wawili wanaopata alama sawa wakiwa peke yao huweza kutofautiana sana wanaposaidiwa kidogo, na kwamba tofauti hiyo ndiyo inayotuonyesha kesho. Mwonyeshe kijana namna ya kuweka mguu anapogeuka. Mrekebishe mara moja, kisha mtazame wiki ijayo. Je, rekebisho limebaki? Anayehifadhi rekebisho ana kitu ambacho futi ya kupimia haiwezi kukisoma.

Tatu, mtazame asipokuwa na mpira. Mchezaji wa timu ya watu watano hukaa muda mwingi zaidi bila mpira kuliko nao. Anatazama wapi? Anamwita mwenzake? Anarudi nyuma upesi baada ya kukosa, au anasimama akijihurumia? Ni kama kumtambua msemaji hodari kwa namna anavyosikiliza.

Nne, uliza tarehe ya kuzaliwa. Katika miaka ya 1980 watafiti nchini Kanada waligundua kwamba wachezaji wengi mno wa mpira wa magongo wa barafuni walikuwa wamezaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Sababu yake haikuwa nyota za mbinguni. Watoto walipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na wa Januari alikuwa na karibu miezi kumi na miwili ya kukua kuliko wa Desemba. Aliyekua zaidi aliteuliwa, akapewa kocha bora na michezo mingi, na mwishowe akawa bora kweli. Uteuzi ulijitimizia utabiri wake. Kwetu tofauti huwa kubwa zaidi, kwa kuwa darasa moja huwa na mtoto aliyebalehe mapema na mwingine ambaye bado, aliyeanza shule kwa wakati na aliyecheleweshwa na karo. Yule mrefu wa leo huenda amemaliza kurefuka, na yule mfupi huenda hajaanza.

Tano, utazame udongo. Kabla ya kumhamisha kijana kwenda shule yenye jina, uliza watakaomtangulia katika nafasi yake ni wangapi, na atacheza dakika ngapi. Benchi la timu bingwa ni mahali pa fahari pa kukaa, lakini kukaa hakumfunzi mtu kukimbia.

Kwa macho hayo pia ndivyo ninavyomtazama Mkenya mwenzetu Madina Okot. Alichelewa kuuanza mchezo huu, akasoma Kaya Tiwi kule Kwale, akachezea Chuo Kikuu cha Zetech, kisha msimu wa 2024–25 akachezea Chuo Kikuu cha Mississippi State, alikofunga wastani wa zaidi ya pointi 11 kwa mchezo. Mwaka 2025 akahamia South Carolina, kwa kocha Dawn Staley, aliyekuwa mchezaji mashuhuri katika siku zake. Wapo waliohesabu inchi zake na kutabiri. Mimi lililonivutia ni lile ambalo wachache walilitaja, yaani kwamba kila hatua ilimpeleka mahali palipokuwa na mtu wa kumfundisha na nafasi ya kucheza. Hiyo ndiyo ki ikifanya kazi.

Kwa nini basi nasumbuka na haya katika ukurasa unaosomwa na walimu na wanafunzi? Kwa sababu upimaji wa vijana umekuwa kazi ya kila siku ya shule zetu, kwa amri ya serikali. Mwezi Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10, likiwa limegawanywa katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Naunga mkono kwa moyo wote kwamba michezo imepata kiti mezani. Kwa miaka mingi tuliwachapa watoto kwa kuchelewa kutoka uwanjani, kisha tukawapigia makofi walipoleta medali.

Lakini tukumbuke umri wa wanafunzi hao: miaka 15 hivi. Huo ndio umri ambao Thabeet alianza kuushika mpira wa kikapu. Kama angepimwa siku hiyo angeonyesha nini zaidi ya kimo? Na Mutombo, tungempanga wapi? Pengine tungempeleka kwenye sayansi, naye asingelalamika, kwa kuwa alitaka udaktari. Au tungeutazama urefu wake, tukamnyang'anya vitabu, na Kinshasa ingekosa hospitali. Mgawanyo wa mikondo si dhambi. Dhambi ni kuugeuza mkondo kuwa shimo, ambapo aliyeingia hawezi kutoka. Mwanafunzi wa michezo aachiwe hisabati na lugha zilizo hai, na mwanafunzi wa sayansi aachiwe saa ya uwanja isiyoibwa na masomo ya ziada. Tena kila mwaka yule aliyempima arudi ampime upya, akiwa na daftari lake mkononi, ayatazame maneno aliyoyaandika mwaka uliopita, na aone kama bado yanasimama.

Wazazi nao wana sehemu yao. Wako watu wanaozunguka vijijini wakiwaahidi wazazi wa watoto warefu ufadhili wa Marekani. Baadhi yao ni waungwana, na milango mingine ni ya kweli. Mzazi aulize maswali yale yale: ni shule gani, kocha ni nani, atasoma nini, na akiumia goti kesho, ufadhili utaendelea? Anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kujibu.

Nanyi wanafunzi, nawasihi msiyavae maneno ya watu kabla hayajawatosha. Ukiitwa nyota, uliza ni nani atakayekufundisha Jumatatu. Ukiitwa butu, uliza umepimwa mara ngapi, na uliporekebishwa, nani alirudi kutazama. Msichana yule wa darasa la mwalimu niliyemtaja sijui atafika wapi, wala mwalimu wake hajui. Lakini tulipoachana tulikuwa tumekubaliana kwamba mzazi aambiwe aendelee kumlipia hisabati, na kwamba jioni mbili kwa wiki mwalimu mwenyewe atakaa uwanjani na daftari lake.

Huo si utabiri, bali ni kazi. Anayesema "ataweza" amemaliza usemi wake na anaweza kwenda nyumbani. Anayesema "akifundishwa, ataweza" amejitwika deni, na deni hilo hulipwa kwa jua, kwa jasho na kwa miaka. Jahazi likielea siku moja, watu watanyoosha vidole na kusema waliiona nyota tangu asubuhi. Fundi asihangaike kubishana nao. Arudi kwenye mbao zake, kwa maana lipo jahazi jingine linalomngoja.